Kariokor na maneno yaliyotoka Uingereza

Kariokor ni mtaa ulio mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi, na soko lake limejulikana kwa miaka mingi kwa vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Wengi wapitao hapo kila siku hawafahamu kwamba jina hilo ni neno la Kiingereza lililotoholewa, wala kwamba ndani yake mna kumbukumbu ya maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita visivyokuwa vyao.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps ili kiwahudumie askari waliopigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi na punda. Kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa na binadamu. Wengi walitwaliwa kwa nguvu, hasa mwaka wa 1917. Inakadiriwa kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka nchi ambayo leo ni Kenya walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mahali pa kambi yao jijini Nairobi pakabaki na jina lao.

Herufi p na s zilizo mwishoni mwa neno Corps hazitamkwi katika Kiingereza, ndiyo maana hazimo katika Kariokor. Jijini Dar es Salaam, kambi ya wapagazi hao hao ilizaa jina la Kariakoo. Majina hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, ila Kariakoo limeufuata mwenendo wa Kiswahili wa kumaliza neno kwa irabu, nalo Kariokor limebaki na konsonanti mwishoni.

Jinsi maneno yanavyotoholewa

Utohozi ni njia ya kuchukua neno la lugha ya kigeni na kulibadilisha lifuate matamshi na sarufi ya lugha inayolipokea. Mwanafunzi azingatie mambo matatu:

1. Irabu huongezwa mwishoni. Shirt huwa shati, na bank huwa benki.

2. Irabu huweza kuingizwa kati ya konsonanti. Film huwa filamu, na club huwa kilabu. Hata hivyo, maneno kama sketi, stempu na blanketi yamebaki na konsonanti zilizofuatana.

3. Neno huingizwa katika ngeli. Kwa kuwa kilabu huanza kwa ki-, wingi wake ni vilabu. Vivyo hivyo, amri ya keep left iliyowaelekeza madereva ilizaa neno kipilefti, yaani mzunguko wa barabarani, na wingi wake ni vipilefti. Neno mudguard lilipokuwa madigadi, silabi ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha wingi, na hivyo kikapatikana kipande kimoja kiitwacho digadi.

Msamiati wa kila siku

Mavazi: shati (mashati), koti (makoti), sketi (sketi), soksi (soksi), tai (tai).

Nyumbani: kabati (makabati), blanketi (mablanketi), picha (picha), redio (redio), keki (keki).

Safarini: basi (mabasi), baiskeli (baiskeli), treni (treni), tikiti (tikiti), stesheni (stesheni).

Jeshini: sajini (masajini), meja (mameja), manowari (manowari). Neno manowari, yaani meli ya vita, limetokana na man-of-war. Jeshi la King's African Rifles nalo liliitwa Keya, kutokana na herufi zake tatu za kwanza, K.A.R.

Tahadhari

Si kila neno lililokuja wakati wa ukoloni ni la Kiingereza. Shule limetokana na Kijerumani. Skuli, litumiwalo Zanzibar, ndilo la Kiingereza. Meza ni la Kireno, nayo gari na duka yalitoka Bara Hindi. Aidha, neno likishatoholewa na kuzoeleka huwa la Kiswahili. Husemwa "mashati yangu yamechafuka" kama isemwavyo "mawe yangu yameanguka", na hakuna sababu ya kulionea haya.

Maneno yana historia

Katika Barabara ya Kenyatta, Nairobi, ipo sanamu iliyozinduliwa mwaka wa 1928 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa vita hivyo. Mpagazi ni mmoja wa watu watatu walioonyeshwa, lakini majina ya waliokufa hayakuandikwa. Mwaka wa 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakilitumikia jeshi la himaya ya Uingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa wapagazi wengi, basi, jina la mtaa na la soko ndilo ukumbusho unaotajwa kila siku, na utingo aitaye "Kariokor! Kariokor!" hulitaja bila kujua.

Zoezi

1. Taja maneno matano yaliyotoholewa kutoka Kiingereza ambayo hayamo katika makala haya.

2. Andika wingi wa: koti, kilabu, benki, kabati.

3. Eleza tofauti ya kimatamshi kati ya Kariokor na Kariakoo.