28 Aprili mara mbili

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa najaza fomu ya kuomba kazi katika ofisi moja ya umma. Ukurasa wa tatu wakauliza: umewahi kutumia dawa za kulevya? Kalamu ikasimama. Nikiwa kidato cha tatu nilisimamishwa shule kwa kukutwa na bangi. Gazetini hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaiacha fomu mezani, nikamkumbuka jirani yetu wa Ngara.

Kwetu Ngara tarehe 28 Aprili ina kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, kambi ya Benaco ikazaliwa. Jirani yetu alikuwa binti aliyefeli kidato cha nne. Akawaona manesi wa kambini, akaapa kuwa kama wao. Dada yake, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa amefaulu lakini ameolewa, cheti kimelala sandukuni. Akakiazima, akasomea uuguzi kwa jina la dada, na mwaka 1998 akaajiriwa. Nyumbani wazee walimwita jina moja, zahanati jingine. Sisi watoto tulidhani hilo la pili ni la ubatizo.

Tusijifanye hatujui. Kabla shule za kata hazijaenea, nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto aliyefeli darasa la saba alirudia kwa jina la mwenzake aliyeacha shule. Walimu walijua, wazazi walijua. Haukuonekana wizi, ulionekana ujanja wa maskini.

Kumbukumbu ya pili ni ya mwaka 2017. Siku hiyo, pale Dodoma, Rais John Magufuli, ambaye ubunge aliuanzia Biharamulo Mashariki mwaka 1995, alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakapewa hadi 15 Mei wajiondoe wenyewe. Tena kulikuwa na vyeti 1,538 vilivyotumiwa na watumishi 3,076. Jirani yetu alikuwa humo. Na mwenzake wa cheti? Ni yule dada, ambaye baadaye alirudi kusoma akawa mwalimu huko Biharamulo. Mshahara wake ukasimama mpaka athibitishe kwamba yeye ndiye yeye. Hawajasalimiana tangu hapo. Zahanati nayo ikabaki na nesi mmoja.

Mtaani watu walinung'unika kwamba wanasiasa hawakuguswa, eti sifa yao ni kujua kusoma na kuandika tu. Manung'uniko hayo yana haki yake. Lakini angalieni kilichofuata. Mwaka 2018 serikali iliagiza watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004, na ambao hawakughushi, warudishwe kazini. Maana yake, kama jirani yetu angeomba uhudumu wa zahanati kwa cheti chake mwenyewe cha darasa la saba, huenda angekuwa kazini mpaka leo. Kufeli hakukumwangusha. Kilichomwangusha ni karatasi iliyosema hakufeli.

Mwaka 2022 serikali ilikubali walioondolewa kwa vyeti vya kughushi warejeshewe michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Siku alipopata chake nilikwenda kumpa pole na hongera kwa pamoja. Aliniambia kwamba kwa miaka 19 kila fomu mpya iliyoletwa kazini ilimnyima usingizi, hata ile ya kuhesabu vitanda.

Nikairudia fomu yangu. Mlango wa "Hapana" ulikuwa wazi, na sidhani kama kuna mtu angekwenda kufukua daftari la adhabu la shule. Nikaandika "Ndiyo", nikaeleza mwaka, kosa na adhabu kwa mistari minne.

Majibu bado. Nikikosa nitaumia, sitawadanganya. Ila usingizi ninao.

Alamsiki.