Hongo, Kodi ya Kichwa na VAT: Tabora Inavyotufundisha Kuhusu Kufuta Kodi ya Mapato

Mnamo 1860 mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sere, alifukuzwa katika nchi yake kwa sababu ya kodi. Mtangulizi wake, Fundikira, aliwaacha wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka Unguja wakae Kaze na Kwihara, pale ulipokuja kukua mji wa Tabora, bila kuwatoza chochote kwa bidhaa walizoingiza. Mnywa Sere alipotawazwa aliona nguo, shanga, baruti na bunduki zikipita mbele ya macho yake kila msimu, akaamuru kila mzigo unaoingia nchini mwake ulipiwe. Wafanyabiashara walikataa. Walishika silaha, wakamwondoa, wakamsimika Mkasiwa, ambaye hakuwadai kitu. Msafiri Mwingereza Speke alipopita huko mwaka 1861 alimkuta mtemi huyo akiwa mkimbizi, akipigania kiti ambacho mwingine amekwisha kukikalia, na vita vile havikumwacha hadi alipouawa mwaka 1865. Kodi yenyewe haikuwa ya ajabu. Ilikuwa kodi ya bidhaa, rahisi kuhesabika, tena ikiwadai watu wenye mali. Ilishindwa kwa kuwa wenye mali hao walikuwa na bunduki nyingi kuliko anayedai.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila tunaposikia kwamba dawa ya matatizo yetu ya kodi ni kufuta kodi ya mapato na kuweka badala yake kodi moja ya mauzo kwa nchi nzima. Marekani muswada wa namna hiyo, maarufu kwa jina la FairTax, ulifikishwa bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na umekuwa ukirudishwa tangu hapo, lakini kwa zaidi ya miaka 20 haukufika kwenye kura ya Baraza zima la Wawakilishi. Kwetu, mfanyakazi anayetazama makato kwenye hati yake ya mshahara kila mwisho wa mwezi anaweza kuvutwa na wazo hilo bila kulazimishwa. Wanaolitetea hulieleza kama hesabu: asilimia ngapi, mapato kiasi gani, fomu ngapi zitapungua. Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na Ujiji, inaonyesha kwamba kabla ya hesabu kuna swali zito zaidi. Kodi hukaa pale ambapo mlipaji hana pa kupitia pembeni, na kila inapobadilishwa mahali, wapo wanaoondolewa mzigo na wapo wanaoongezewa.

Tuanze na Ugogo, kwa maana hapo ndipo kodi ya njiani ilipokomaa. Msafara uliotoka pwani ulifika Ugogo ukiwa na kiu, na mbele yake kulikuwa na Mgunda Mkali, nyika kavu inayotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Visima vilikuwa vya wenyeji. Kwa hiyo kila mtemi mwenye maji alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na hakuna aliyeondoka kabla haijakubaliwa. Marobota yalifunguliwa, doti za nguo za merikani na za kaniki zikahesabiwa moja moja mbele ya wajumbe wa mtemi, nyingine zikakataliwa kwa kuwa ni duni, mazungumzo yakaendelea siku nzima na pengine ya pili, huku mamia ya wapagazi wakila posho ya bure kambini. Wasafiri wa Kizungu Burton na Stanley wote waliandika kwa uchungu juu ya hongo ya Ugogo. Lakini mfanyabiashara mzoefu aliijua tangu pwani na aliiingiza katika bei. Nguo iliyofika Tabora ilikuwa imebeba ndani yake kila hongo iliyolipwa njiani, na aliyeilipa mwishowe ni Mnyamwezi aliyeuza pembe, asali au nguvu za mabega yake ili apate doti moja. Sultani wa Unguja naye alifuata kanuni ile ile: pembe za ndovu kutoka Unyamwezi zilitozwa forodhani zaidi kuliko pembe za sehemu nyingine, kwa sababu hazikuwa na njia nyingine ya kufika baharini.

Mirambo, mtemi wa Urambo, aliielewa kanuni hii kuliko mtu yeyote wa zama zake. Mwaka 1871, kwa maelezo ya Stanley aliyekuwapo Tabora wakati huo, aliudai msafara uliokuwa ukielekea Ujiji mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Alipokwisha kupewa, aliwaambia warudi walikotoka. Wafanyabiashara wa Tabora walikwenda kumpiga na wakashindwa vibaya, na njia ya Ujiji ikabidi izunguke kusini. Tofauti ya Mirambo na Mnywa Sere haikuwa aina ya kodi waliyotoza. Mirambo alikuwa na askari wa kuifanya ilipwe.

Wajerumani walipoivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, mwezi Januari 1893, mtemi huyo akijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa, walikuta nchi ambayo kodi yake ilikuwa ya njia. Walileta kodi ya nyumba. Kuanzia 1898 kila nyumba ya kijijini ilitakiwa kulipa rupia 3 kwa mwaka. Kwa mara ya kwanza kodi iliacha kumngoja mtu barabarani, ikamfuata mlangoni kwake, awe amepata au hakupata. Nia yake haikuwa fedha tu. Mtu asiye na rupia alilazimika kuitafuta, na rupia zilikuwa kwenye mashamba ya walowezi. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi iliyowalisha Wanyamwezi kwa vizazi ilikwisha, lakini kodi ilibaki, na vijana wakaenda kuitafuta kwenye mkonge wa Tanga. Waingereza walirithi utaratibu huo, mwaka 1922 wakatunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi ya mapato hasa, inayopima mtu anachopata, haikuja Tanganyika hadi 1940, na iliwahusu wachache. Hata siasa ilipimwa kwa pato: katika uchaguzi wa kura tatu, ambao chama cha TANU kiliamua kushiriki katika mkutano wake wa Tabora mwezi Januari 1958, mojawapo ya sifa za mpiga kura ilikuwa kuwa na pato la pauni 150 kwa mwaka. Mkulima aliyekuwa amelipa kodi ya kichwa miaka 30 hakuhesabiwa.

Sasa tufike 1969, kwa kuwa mwaka huo Tanzania ilifanya jambo linalofanana sana na hili linalopendekezwa. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Amir Jamal akiwa Waziri wa Fedha, serikali ilifuta kodi ya kichwa na ushuru wa mazao uliokuwa ukikusanywa na halmashauri za wilaya, na ikaanzisha kodi ya mauzo ya taifa ili kuziba pengo. Kodi mpya ilikusanywa kwenye milango michache, yaani viwandani na bandarini, kisha ikaingia katika bei. Mwanakijiji wa Sikonge au Urambo hakumwona tena mtu wa kodi. Kisiasa ulikuwa ushindi mkubwa: serikali ya wakulima na wafanyakazi ilikuwa imeondoa kodi iliyochukiwa tangu enzi ya Mjerumani. Nami naona ulikuwa uamuzi wa haki, kwa sababu kodi iliyofutwa ilikuwa ya mtu maskini, isiyojali kama mvua imenyesha au la.

Gharama yake ilionekana baadaye. Halmashauri zilizonyimwa mapato yake hazikuweza kusimama, na mwaka 1972 zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani. Ziliporudishwa katika miaka ya 1980, zilirudi na kodi ya kichwa ikiwa na jina jipya, kodi ya maendeleo. Wazee wa sasa wanaikumbuka vizuri: mgambo njia panda asubuhi ya gulio, kila mwanamume akitakiwa kuonyesha stakabadhi, na asiyekuwa nayo akikimbilia porini au akilala mahabusu. Mwaka 1998 wananchi wa Arumeru waliigomea waziwazi. Serikali iliifuta mwaka 2003. Wakati huo kodi ya mauzo ya 1969 ilikuwa imekwisha kugeuka Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile tunayoiita VAT, iliyoanza Julai 1998 kwa asilimia 20 na kushushwa hadi 18 mwaka 2009. Kwa hiyo ubadilishanaji wa 1969 ulihitaji miaka 34 ili ukamilike, na ulikamilika kwa kuwa kila uliporudi nyuma walioumia walikuwa wengi na walikuwa wapiga kura.

Pendekezo la leo ni kinyume cha lile la 1969, ingawa yanafanana kwa sura. Kinachotakiwa kufutwa safari hii ni kodi ya wanaopata. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi hata sasa. Mfanyabiashara mdogo wa soko la Tabora mjini mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hadaiwi, na anayezidi hapo hadi milioni 100 hutozwa kwa kukadiria mauzo yake. Kwa maneno mengine, kodi yake ya mapato tayari ni kodi ya mauzo. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua hukatwa ushuru wa mazao, ulioshushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, na hulipa VAT katika sabuni na bati. Ukifuta kodi ya mapato, hawa watatu hawapati nafuu yoyote ya maana. Wanaopata ni wenye mishahara minono na makampuni yanayolipa asilimia 30 ya faida. Pengo lake litazibwa kwa VAT. Kwa kuwa kodi hizi mbili zinakaribiana kwa uzito katika mapato ya TRA, kiwango cha 18 kingelazimika kupanda kuelekea mara mbili yake.

Watetezi wana jibu, tena si jibu dogo. Wanasema kodi ya mapato imewaelemea wachache walio kwenye ajira rasmi, ilhali walio wengi wanafanya biashara bila kulipa. Kodi ya mauzo ingewafikia wote, kwa kuwa hakuna asiyenunua. Malalamiko ya wafanyakazi ni ya kweli, na shirikisho la vyama vyao, TUCTA, huyarudia kila Mei Mosi. Lakini kodi ya mauzo humfikia mnunuzi, si muuzaji aliyekwepa. Duka lisilotoa risiti leo halitaanza kuitoa kodi itakapokuwa mara mbili. Litakuwa na sababu kubwa zaidi ya kutoitoa. Tabora, isitoshe, ni njia panda ya kwenda Burundi, Rwanda na Kongo. Rwanda, Burundi na Uganda zina VAT ya asilimia 18, Kenya 16. Nchi moja ikipanda peke yake kufikia thelathini na kitu, bidhaa zitatafuta njia nyingine, kama misafara ilivyomzunguka Mirambo.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni bidhaa zinazotoka. VAT haitozwi kwa bidhaa inayouzwa nje. Nzega, ndani ya mkoa wa Tabora, ulikuwapo mgodi wa Golden Pride, wa kwanza mkubwa wa kisasa wa dhahabu nchini, uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa baada ya miaka kama 15. Dhahabu yake haikuliwa Nzega. Nchi iliyobaki na kodi ya mauzo peke yake ingeambulia mrabaha tu kutoka mgodi wa namna hiyo, na faida yote ingeondoka bila kuguswa. Hapo tungekuwa tumejirudisha kwa hiari mahali pa Mkasiwa, mtemi aliyewekwa ili asidai.

Wapo pia wanaosema maskini wanaweza kukingwa: chakula kisamehewe, au kila kaya irudishiwe fedha kila mwezi, kama FairTax inavyotaka. Msamaha wa chakula ni jambo jema, na VAT yetu tayari haitozwi kwa mazao yasiyosindikwa, lakini kila msamaha mpya hupandisha kiwango cha vilivyobaki. Kurudishia kaya kunahitaji orodha ya watu wote nchini, inayosasishwa kila mwezi. TASAF, inayoshughulika na kaya maskini tu, inajua ugumu wa kazi hiyo.

Na wananchi wakishaiona kodi ya matumizi, hawanyamazi. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, kelele ziliifanya serikali iipunguze kwa asilimia 30 ndani ya miezi miwili. Nchini Kenya, mwaka 2024, pendekezo la kutoza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate liliondolewa kabla ya kura, lakini hasira iliyokwisha kuwaka ilifika hadi ndani ya Bunge tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais Ruto akakataa kutia saini muswada wote. Chama gani kitakwenda Urambo kuomba kura kwa ahadi ya kupandisha bei ya sabuni ili kampuni isilipe kodi ya faida? Kwa hali hiyo naona pendekezo hili halina mustakabali wa kisiasa Tanzania, na halistahili kuwa nao.

Oktoba 2024 Rais Samia alizindua Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Kazi iliyopo ni kushusha makato ya mishahara ya chini na ya kati, na kuzifuata faida kubwa pale zinapofichwa, hususan katika madini na biashara ya nje. Msomaji aliye na mbunge na amuulize swali moja: katika kila badiliko la kodi atakalolipigia kura, nani anatoka na nani anabaki akilipa?