Damu Ingojayo Mgonjwa

Mzazi wa Mulungwishi aliyepata kuona mtoto wake amepauka kwa malaria ajua thamani ya damu ya kuongezwa. Lakini kama ilitolewa mwezi uliopita, yafaa bado?

Zamani swali hili halikuwapo, maana damu ikitoka mshipani huganda upesi. Mwaka 1914, mjini Bruxelles, daktari Mbelgiji Albert Hustin aliichanganya na sitrati na sukari, isigande. Mwaka 1916 Rous na Turner, huko New York, wakaonyesha jinsi ya kuihifadhi kwa majuma kadha. Ndipo damu ikaweza kumngojea mgonjwa.

Lakini hukaa ikibadilika. Chembe nyekundu zingali hai hata katika baridi: hula sukari na kutoa asidi, potasiamu huvuja, nyingine hukakamaa au kupasuka. Na oksijeni zilizobeba huiachilia kwa shida, kama bahili na fedha zake. Zikiisha kuingia mwilini, tabia hiyo hupona kwa siku chache.

Basi wengi waliiogopa damu ya siku nyingi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, tangu 2013 hata 2015, watoto 290 waliopungukiwa damu mno walipewa wengine ya siku 1 hadi 10, wengine ya siku 25 hadi 35. Baada ya saa 8 asidi mwilini ilikuwa imeshuka vema kwa watoto 58 katika 100 wa damu mpya, na 61 katika 100 wa damu ya zamani. Ila damu ile yote ilikuwa imetunzwa barabara katika baridi.