Neno la Wiki: Uwiano

Katika sebule nyingi za Mkula, hapa Simiyu, filamu ya zamani ikiwekwa tu mtu hudakia: "Ongeza ukubwa, picha imebana!" Rimoti inabonyezwa, Charlie Chaplin ananenepa ghafla, kofia yake inakuwa sinia. Jamani, huo si ukubwa. Ukubwa wa runinga hupimwa kwa inchi, kona hadi kona. Kilichoharibiwa ni uwiano, kutoka kuwiana: upana ukilinganishwa na kimo. Wala si usawa. Pande zikiwa sawa, huo ni mraba. Filamu za Chaplin zina uwiano wa karibu 4 kwa 3, runinga za leo 16 kwa 9, ndiyo maana pembeni hubaki weusi. Enter the Dragon ya Bruce Lee (1973) ni pana zaidi. Weusi wake hukaa juu na chini. Ukiikuza ijaze kioo, adui wa pembeni humwoni. Rudisheni uwiano wake, weusi hauumi macho.