Kilimia, mkulima na nuru iliyounganishwa

Wiki hii tuanze barabarani. Ukitoka Kitale kwenda Bungoma jioni ya Januari, mashamba ya mahindi yakiwa yamevunwa, tazama juu. Utaona kishada kidogo cha nyota zilizobanana. Hicho ndicho Kilimia. Jina limetokana na kitenzi 'lima', kwa kuwa wazee walikitazama kujua majira ya kulima.

Sasa swali: Kilimia kiko umbali gani? Mwaka wa 1997 vipimo vya setilaiti ya Ulaya, Hipparcos, vilisema kama miaka 385 ya nuru. Wanafalaki wakashtuka, maana hesabu za awali zilikaribia 430. Kama Hipparcos ilikuwa sahihi, basi tuliyoyajua kuhusu mng'ao wa nyota yalikuwa na kasoro.

Jibu lilitoka mlima Palomar, California. Mwaka wa 2004, Pan, Shao na Kulkarni walitangaza walichopata kwa kuunganisha nuru ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, kutoka darubini mbili zilizoachana kwa makumi ya mita. Waliichunguza Atlas, nyota ya Kilimia ambayo kumbe ni nyota mbili zinazozungukana. Umbali ukawa kati ya miaka 434 na 447 ya nuru. Baadaye setilaiti ya Gaia ikakubaliana nao.

Kuunganisha nuru si mchezo. Vijito vikiingia mto Nzoia, maji huongezeka tu. Nuru ni mawimbi: kilele kikikutana na bonde, hupatikana giza. Hitilafu ya sehemu ndogo ya elfu moja ya milimita huharibu kipimo. Ndiyo maana vyombo vya zamani vilijaa vioo mezani, na kila kimoja kilihitaji kurekebishwa.

Wataalamu wa Grenoble, Ufaransa, waliazima ufundi wa mawasiliano ya simu: wakachonga mifereji myembamba ya nuru ndani ya chipu inayotoshea kiganjani. Mwaka wa 2010 chombo cha PIONIER kule Paranal, Chile, kiliunganisha darubini nne kwa chipu moja. GRAVITY kikafuata, na mwaka wa 2018 kikaifuatilia nyota S2 ikipita karibu na shimo jeusi lililo katikati ya Njia ya Maziwa.

Mara nyingi huambiwa kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi. Lakini hapa tumesema mfereji, wimbi, kilele na bonde, na habari imeeleweka. Mwalimu wa fizikia wa Bungoma aanze na Kilimia. Mwanafunzi wake huenda akamuuliza nyanyake jina hilo, naye akapata somo la pili.