Misuli imekaza? Fahamu kuchua, kukanda na vyuma vya kuparuzia

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni tuongee mwili. Huku Nachingwea na Ruangwa mtu akilalamika mgongo umekaza, shingo haigeuki au paja linavuta, ushauri wa kwanza anaopewa ni mmoja tu: nenda kachuliwe. Wengine wanakandwa kwa maji ya moto, wengine wanapigwa chuku, na kwenye simu tunaona video za watu wanaparuzwa mgongo kwa vyuma vinavyong'aa. Je, vinasaidia? Na je, kuna wakati vinaweza kukupeleka kaburini? Maswali yote mawili jibu lake ni ndiyo, kwa hiyo usiishie juu juu, soma mpaka mwisho.

KWANINI MISULI INAKAZA

Angalia kazi zetu. Msimu wa korosho, kuanzia kama Oktoba hivi, mtu anainama kutwa nzima anaokota chini na kutenganisha korosho na bibo. Kabla ya hapo kuna kupulizia dawa, mashine iko mgongoni masaa kibao. Kuna jembe la mkono, kuna kukata na kufunga ufuta, kuna ndoo ya maji kichwani. Dereva wa bodaboda anakaa mkao mmoja kwenye njia za vumbi na mashimo. Na wewe uliyekaa kwenye kompyuta hapo kafe, shingo imetoka mbele kama kobe, usijione umepona.

Watu husema "mishipa imekaza". Mara nyingi si mishipa ya damu wala si msuli uliofupika kweli. Ni kwamba msuli umechoka au umebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, na mishipa ya fahamu inatoa taarifa ya hatari, basi ubongo unaulinda msuli kwa kuukaza. Ndo maana mgongo unaweza kukaza hata ukikosa usingizi au ukiwa na mawazo ya madeni.

Na hili tatizo si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini.

AINA ZA TIBA HII

Kuchua: mikono na mafuta, iwe ya nazi, ya ufuta au dawa ya dukani. Mchuaji anasugua, anabonyeza na kuvuta msuli taratibu.

Kukanda: taulo au kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kinabandikwa na kukandamizwa. Joto linalegeza na kupunguza maumivu.

Kubonyeza kano kwa kidole: daktari Mwingereza James Cyriax (1904–1985) alifundisha kusugua kano kwa kukatisha, yaani si kwa kufuata urefu wake. Wataalamu wengi wa fiziotherapia waliupata ufundi huo kutoka kwenye mafundisho yake.

Chuku au kuumika: zamani ilikuwa pembe ya mnyama, siku hizi ni vikombe vya plastiki au kioo. Hewa inatolewa, ngozi inavutwa juu. Ikichanjwa na damu ikatoka, wengi wanaiita hijama.

Kuparuza kwa kifaa: Wachina wana yao inaitwa gua sha, wanatumia pembe au jiwe laini, na ni ya siku nyingi sana. Ya vyuma ilishika kasi Marekani miaka ya 1990 kupitia David Graston, jamaa aliyeumia goti kwenye mchezo wa kuteleza juu ya maji kisha akatengeneza vyuma vya kujisugulia. Chuma hakina makali, kingo zake ni laini. Ngozi inapakwa mafuta, kinapitishwa dakika chache tu sehemu moja. Faida yake kubwa ni ya mtoa tiba: vidole vyake havichoki, na anahisi vizuri sehemu zenye mkwaruzo.

JE, VINAYEYUSHA MAFUNDO?

Hapa ndo wengi tunapigwa. Utaambiwa "nakuvunjia mafundo", "nakutoa uchafu", halafu unaambiwa urudi mara kumi, kila mara na hela yake.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kubadilisha umbo la utando mgumu unaofunika misuli ya paja. Wakapata kwamba kuubonyeza upungue kwa asilimia 1 tu kunahitaji mzigo wa kama kilo 925. Hiyo inakaribia tani moja wadau! Hakuna mkono wala chuma cha mchuaji kinachofika huko. Kwa hiyo unapohisi umelegea, si kwamba kuna kitu kimevunjwa ndani. Mishipa ya fahamu imetulia, ubongo umepunguza ulinzi, msuli ukaachia.

Na ile michirizi myekundu au ya damu iliyovilia baada ya kuparuzwa au kupigwa chuku? Ni vimishipa vidogo vya damu vimepasuka chini ya ngozi. Si sumu inatoka. Kubaki na alama nyingi si ushahidi kwamba tiba imekolea.

Je, ina maana ni utapeli mtupu? Hapana. Mwaka 2015 taasisi ya Cochrane ilikusanya tafiti 25 za kuchua mgongo, zenye watu zaidi ya 3,000. Ilionekana kuna nafuu ya muda mfupi, ila ushahidi wenyewe ni dhaifu. Na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, liliweka kuchua kati ya tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Ona neno hilo: PAMOJA NA. Kuchuliwa kunakufungulia mlango tu, kuingia ndani ni kazi yako mwenyewe.

KINACHOLEGEZA KWA MUDA MREFU

Msuli unaobebeshwa kuliko uwezo wake unahitaji mambo mawili: mzigo upungue kidogo, na uwezo uongezeke polepole.

1. Badilisha mkao. Kwenye kuokota korosho, inama muda, chuchumaa muda, piga goti muda. Gunia zito bebeni wawili. Kwenye kompyuta nyanyuka kila baada ya nusu saa.

2. Mgongo: lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio juu, hesabu mpaka tano, shusha. Mara kumi, raundi tatu, siku nyingi za wiki.

3. Kano ya kisigino, kwa wale wa mpira. Tangu Namungo ya Ruangwa ipande Ligi Kuu mwaka 2019 kila kijana anakimbia, na visigino vinalia. Simama kwenye ngazi kwa nyayo za mbele, shusha kisigino chenye maumivu taratibu chini ya ngazi, panda kwa kutumia mguu mwingine. Mswidi Håkan Alfredson alilitangaza zoezi hili mwaka 1998: mara 15, raundi tatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Wakimbiaji wake 15 waliofanya hivyo walirudi kukimbia. Wiki kumi na mbili wadau, si siku mbili! Ila kama kisigino kimelia "pa!" ghafla na huwezi kusimamia vidole, hilo si zoezi, ni hospitali.

4. Kujichua nyumbani: chupa ya plastiki iliyojaa maji inatosha kuviringisha chini ya paja au unyayo. Chandimu iliyofungwa vizuri nayo inafaa, iweke kati ya mgongo na ukuta. Usitumie chupa ya soda ya kioo, itakupasukia.

USIKUBALI KUCHULIWA UKIWA NA DALILI HIZI

Hapa ndo sababu hasa ya makala hii. Kuna magonjwa yanajifanya "misuli imekaza".

- Mguu mmoja umevimba, ndama inauma na ina joto, hasa baada ya kujifungua, upasuaji, kulala muda mrefu au safari ndefu. Inaweza kuwa damu imeganda ndani. Ukisugua, bonge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu, na mtu anakufa.

- Paja au tako limevimba, gumu, lina moto, na una homa. Nchi za joto kama yetu zina ugonjwa wa usaha ndani ya msuli. Hauonekani kwa nje kama jipu la kawaida. Unatibiwa kwa antibayotiki na kutolewa usaha, siyo kwa mafuta ya nazi.

- Mgongo unauma wiki nyingi, unakonda, unatoka jasho usiku. TB inashika mpaka uti wa mgongo.

- Mgongo unauma na mkojo umegoma au unatoka bila kujua, miguu inaishiwa nguvu, au sehemu za siri zina ganzi. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

- Umeanguka na pikipiki au kutoka juu ya mkorosho, kiungo kimepinda au huwezi kukikanyagia. Piga picha ya eksirei kwanza. Kuvuta na kuchua mfupa uliovunjika kunaharibu mishipa ya damu, na kufunga vibanzi kwa kukaza sana kumewafanya watu wakatwe mikono na miguu.

- Mtoto analia mifupa mara kwa mara. Inaweza kuwa seli mundu, apelekwe akapimwe.

- Una kisukari na miguu ina ganzi. Maji ya moto yatakuunguza na hutahisi.

UKIENDA KWA MCHUAJI

Muulize kama amesajiliwa. Tangu 2002 kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kuna Baraza linalosajili watoa huduma hao. Kama kuna kuchanjwa, wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako, kwa sababu UKIMWI na homa ya ini vinapita hapo hapo. Kifaa kioshwe na kutakaswa kabla hujaguswa. Ukisema "inauma sana" apunguze, asikwambie vumilia. Na kama umeenda mara tatu nne hakuna mabadiliko, acha kutoa hela.

Mtaalamu wa fiziotherapia ni mtu aliyesomea chuoni, mfano KCMC kule Moshi. Anza hospitali ya wilaya, uliza kama wanaye. Kama hayupo omba rufaa: kuna Hospitali ya Mkoa ya Sokoine pale Lindi mjini na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini Mtwara. Hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao nazo haziko mbali sana.

Kwa kifupi: ukichuliwa ukapata nafuu, tumia hiyo nafuu kufanya mazoezi siku hiyo hiyo. Na ukiona homa, uvimbe, ganzi au kukonda, mafuta yaweke chini uende hospitali. Bibi yako anaweza asielewe, mwelezee taratibu, na ikibidi msomee hii.

Mwenye swali au anayejua zoezi jingine lililomsaidia shambani, adondoshe maoni hapo chini. Tupo pamoja.