Shujaa Anapouawa

Mwaka 1997, katika mchezo wa video wa Kijapani Final Fantasy VII, mchezaji alimlea mhusika Aerith kwa saa nyingi, kisha adui Sephiroth akamchoma upanga. Hapakuwa na kitufe cha kumrudisha. Wengi walilia.

Waswahili walikwisha kulizwa hivyo kitambo. Liongo, shujaa wa masimulizi yao, hauawi na adui: mwanawe ndiye anayemchoma sindano ya shaba kitovuni. Anafia kisimani, amepiga goti, mshale upindeni, na mji mzima unakaa na kiu kwa kuihofia maiti. Mamake anaitwa kumbembeleza, maskini, asijue kwamba anasema na mfu. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapisha kisa hicho mwaka 1870.

Huku Mrima, pwani ya Tanzania Bara, upande wa Miono, vifo vilikuwa vya kweli. Abushiri bin Salim, aliyepigana vita na Wajerumani Bagamoyo, alikamatwa baada ya kusalitiwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa zama hizohizo, alivitungia vita hivyo utenzi. Lakini Bwana Heri, kiongozi wa Saadani, jirani wa Miono, hakufia vitani. Alikubali amani mwaka 1890.